Sabuni, Majivu na Kipimo: Kulinda Mimea ya Kivulini kwa Vitu vya Nyumbani

(Mazungumzo ya Afisa Ugani mbele ya mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa nieleze jinsi tunavyoweza kuzuia wadudu wanaoharibu mimea ya kivulini kwa kutumia vitu tulivyo navyo jikoni na uani, bila kukimbilia dukani kila mara. Kabla sijaanza, ni haki yenu kujua kwa nini mimi mwenyewe niliomba mada hii iwekwe katika ajenda ya leo.

Msimu uliopita, kikundi kimoja cha akina mama wa kata hii kilikuwa na kitalu cha miche ya kahawa chini ya kichanja cha majani ya mgomba. Miche ilikuwa imetoa jozi nne za majani na ilikaribia kupandwa. Wakaona vidugamba vya kijani vimejipanga kwenye mishipa ya majani, na sisimizi wakipanda na kushuka. Walinikuta njiani siku ya gulio, wakaniuliza wafanye nini. Nilikuwa na haraka. Nikawajibu kwa sentensi moja tu: "Nyunyizieni maji ya sabuni." Sikusema sabuni ipi, kiasi gani, wala saa ngapi. Wao, kwa kuniamini, walichukua sabuni ya unga, wakatia makonzi mawili katika ndoo, wakanyunyiza saa sita mchana. Baada ya siku tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Zaidi ya nusu ya miche ilikufa, na ile ada ambayo baadhi yao walitarajia kuilipa kwa mauzo ya miche hiyo ikakosekana.

Kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu. Nilikwenda kuwaona nikiwa nimeshika jani la sale, kama ilivyo desturi ya huku kwetu anapokwenda mtu kuomba radhi, na wakanipokea. Lakini walinipa sharti moja: niyaseme mbele ya watu yale niliyopaswa kuwaambia siku ile. Leo ninalitimiza sharti hilo.

Kivuli kina wadudu wake

Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tumelelewa kivulini. Kihamba chetu kina ghorofa zake: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, mboga na majani ya mifugo. Masale yanazunguka mpaka. Na barazani, wengi wetu tuna makopo ya mafeni, begonia na maua mengine yasiyopenda jua kali.

Mimea hii ina faida ya unyevu, lakini unyevu huohuo una wageni wake. Majani ya kivulini hukauka polepole baada ya mvua au umande, na udongo wake haupati jua la kuua mayai ya wadudu. Kwa hiyo chini ya migomba tutawakuta konokono wenye gamba na wasio na gamba, vidugamba, na ukungu wa aina mbalimbali. Barazani hali ni tofauti. Pale kuna kivuli, lakini mvua haifiki na vumbi la barabara huingia. Majani makavu yenye vumbi hupendwa na utitiri mwekundu, mdudu mdogo kuliko nukta ya kalamu, anayeacha utando mwembamba upande wa chini wa jani na kulifanya lipauke.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kutazama. Geuza jani. Tazama upande wa chini, tazama kikonyo, tazama pale shina linapotoka udongoni. Ukiona majani yametafunwa na kuna ute uliokauka unaong'aa, huyo ni konokono. Ukiona vijidonge vya kijani au vya kahawia visivyotembea, au vitu vyeupe kama pamba, hivyo ni vidugamba. Ukiona wadudu wadogo laini waliosongamana kwenye vichipukizi, hao ni vidukari. Na ukiona sisimizi wengi wakipanda mti, jua kuna kitu wanachokifuata. Vidukari na vidugamba hutoa utomvu mtamu, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya utomvu huo kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake. Juu ya utomvu huohuo huota ukungu mweusi kama masizi. Wengi hudhani ukungu huo ndio ugonjwa wenyewe, kumbe ni alama tu ya wadudu waliopo juu yake.

Sabuni: rafiki mwenye masharti

Maji ya sabuni huua wadudu wenye miili laini: vidukari, vidugamba vichanga, inzi weupe na utitiri. Sabuni huondoa nta inayofunika mwili wa mdudu na kuharibu ngozi yake, akapoteza maji na kufa. Lakini hufanya hivyo inapomgusa mdudu ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, haina nguvu tena. Mdudu atakayefika kesho hataona chochote. Mayai nayo hayafi. Kwa sababu hiyo kunyunyiza mara moja hakutoshi, wala kuongeza sabuni hakusaidii.

Naomba wenye kalamu waandike. Tumia sabuni ya kawaida ya maji, au sabuni ya mche iliyoparuzwa na kuyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Kwa miche michanga na mimea laini kama mafeni na begonia, anza na kijiko kimoja cha chai kwa lita. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Ndani yake mna magadi na dawa za kung'arisha nguo, na hizo ndizo zilizounguza miche ya akina mama niliowataja.

Kabla ya kunyunyiza bustani nzima, jaribu kwenye majani mawili au matatu, kisha subiri siku mbili. Jani likibaki zima, endelea. Nyunyiza jioni au asubuhi na mapema, kamwe si katika jua la mchana, na usinyunyize mmea ulionyauka kwa kiu. Elekeza maji upande wa chini wa majani hadi yadondoke. Baada ya saa mbili, osha mimea laini kwa maji safi. Rudia baada ya siku tano hadi saba, mara mbili au tatu, ili kuwapata walioanguliwa baadaye.

Kwa vidugamba vikubwa vyenye gamba gumu, sabuni peke yake haifui dafu. Hapo tumia kitambaa au mswaki wa zamani uliochovywa katika maji ya sabuni, uvisugue kwa mkono. Mwenye mimea mitano barazani atamaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Na kwa utitiri wa barazani, mara nyingi maji matupu yanatosha: osha upande wa chini wa majani kila baada ya siku chache, vumbi liondoke na wadudu waondoke nalo.

Msisahau sisimizi. Ukiwazuia kupanda mti, unawaacha vidugamba bila mlinzi. Kuna mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, na nyigu wadogo sana, wanaowala au kuwaangamiza wadudu hawa. Ukiwaona hao kwenye mmea, usinyunyize chochote siku hiyo. Waache wakufanyie kazi bila malipo.

Konokono: kazi ya usiku

Konokono mkubwa tunayemwona baada ya mvua ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kutoka kwetu amesambazwa na watu hadi Asia, visiwa vya Pasifiki na Amerika, na kote huko amekuwa balaa. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, akiwa na konokono watatu kutoka Hawaii. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa maelfu, na serikali ya jimbo la Florida ilitumia miaka kadhaa na fedha nyingi kuwamaliza. Kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike, na hutaga mamia ya mayai udongoni. Kwa hiyo watatu wanaoachwa leo si jambo dogo.

Dawa bora ya konokono ni mkono wako mwenyewe na tochi. Toka usiku baada ya mvua, au alfajiri, uwaokote. Vaa glavu au funika mkono kwa mfuko wa plastiki, kwa maana konokono hawa wanaweza kubeba minyoo inayoweza kumletea binadamu ugonjwa wa utando wa ubongo. Watoto wasiachwe kuwachezea. Osha mikono kwa sabuni, na osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi. Waliokusanywa watumbukizwe katika ndoo ya maji yenye chumvi nyingi, kisha wafukiwe mbali na chanzo cha maji. Chumvi ibaki ndani ya ndoo. Usiimwage bustanini, kwa sababu huua mimea na kuharibu udongo kwa muda mrefu.

Mtego rahisi tunao kihambani. Pasua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, ulaze vipande vyake chini, upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Konokono hujificha chini yake mchana, nawe utawakuta wote mahali pamoja. Fukusi wa migomba nao huvutwa na mtego huohuo, hivyo unapata faida mbili. Lakini ni lazima uukague kila asubuhi. Mtego usiokaguliwa hugeuka kuwa nyumba yao.

Wale wasio na gamba hupenda harufu ya pombe iliyochacha. Kibakuli chenye pombe kidogo kikifukiwa hadi ukingoni, huingia na kuzama. Wazee wasitazamane: sisemi mbege imwagwe, nasema machicha yanatosha.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu maganda ya mayai kuzungushiwa mmea. Mwaka 2018 chama cha bustani cha Uingereza kiitwacho Royal Horticultural Society kilijaribu maganda ya mayai, kokoto, magome ya miti na utepe wa shaba kuzuia konokono wasio na gamba. Mimea iliyozungushiwa vitu hivyo iliharibiwa sawa na ile iliyoachwa wazi. Maganda ya mayai yanaurutubisha udongo yakioza. Kuzuia konokono hayawezi.

Majivu na mwarobaini

Majivu ya kuni hukausha miili ya wadudu laini, na konokono hapendi kupita juu yake. Nyunyiza utando mwembamba kuzunguka shina bila kuligusa. Mvua ikinyesha au umande ukilowesha, nguvu yake imekwisha, na itabidi urudie. Lakini majivu hupunguza uchachu wa udongo. Kahawa, begonia na feni nyingi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kwa hiyo usimwage majivu kwa beleshi kila wiki kwenye mimea hiyo. Tena yawe majivu ya kuni safi, si ya takataka zilizochomwa pamoja na plastiki au betri.

Mwarobaini humea vizuri zaidi tambarare, lakini mbegu zake si vigumu kuzipata kwa ndugu walio huko chini. Kiini chenye nguvu zaidi kimo ndani ya mbegu. Hakimuui mdudu papo hapo: humnyima hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake, hivyo usikate tamaa ukimwona bado hai kesho yake. Chukua punje zilizokauka vizuri na zisizo na ukungu, utwange gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Nyunyiza jioni ileile utakapochuja, kwa sababu jua huondoa nguvu yake na maji hayo hayakai. Kivuli hapa ni msaada, kwani kiini hicho hudumu zaidi pasipo na jua kali.

Pilipili kali na kitunguu saumu hufukuza baadhi ya wadudu kwa harufu na ukali, lakini kwa muda mfupi. Anayevitumia akinge macho na pua, asinyunyize dhidi ya upepo, wala asimshirikishe mtoto.

Cha asili nacho chaweza kuua

Hapa naomba masikio yenu yote. Kuna dhana kwamba kitu cha nyumbani au cha shambani hakina madhara. Dhana hiyo si kweli.

Maji ya tumbaku ni sumu. Nikotini iliyomo hupenya hata ngozi, na inaweza kumdhuru vibaya mtu mzima na kumuua mtoto. Aidha tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Sishauri itumike nyumbani kabisa.

Mafuta ya taa huunguza majani na huweza kuleta moto. Yasinyunyizwe kwenye mimea.

Utupa, ambao wengi wenu mnaujua, huua wadudu. Lakini wazee wetu waliutumia kuvulia samaki kwa sababu huwaua pia samaki. Sisi maji yetu hupita kwenye mifongo, kutoka kihamba hadi kihamba. Unachokimwaga au kukiosha kwenye mfongo hapa kwako, jirani wa chini atakichota kwenye ndoo. Kwa hiyo utupa usitwangwe, usinyunyizwe wala vyombo vyake visioshwe karibu na mfongo. Sheria hiyo ihusu pia dawa yoyote ya dukani.

Na dawa za dukani zinapohitajika, zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, zikiwa katika chombo chake chenye lebo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Dawa inayopimwa gulioni na kumiminwa katika chupa ya soda haina jina, haina kipimo, na mtoto hawezi kuitofautisha na kinywaji. Hata maji ya sabuni au ya mwarobaini uliyoyatengeneza mwenyewe, yaandike jina na tarehe, uyaweke juu, wala usiyatie kamwe katika chupa ya kinywaji.

Ikitokea mtu amemeza sumu, asilazimishwe kutapika. Apelekwe mara moja kituo cha afya, pamoja na chupa au mabaki ya kile alichokunywa, ili mganga ajue cha kutibu. Ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha aende kituoni.

Huduma iliyopo

Ndugu wakazi, ushauri wa ugani katika kata yetu hautozwi fedha. Kila siku ya gulio asubuhi nitakuwa ofisi ya kata. Leteni jani lenye tatizo likiwa limefungwa katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki huoza kabla ya kufika. Ukiweza, leta na mdudu mwenyewe. Mwenye kitalu au wagonjwa wengi wa aina moja aniarifu kupitia mwenyekiti wa kitongoji, nami nitafika. Na kama tatizo limenishinda, tutapeleka sampuli kwa wenzetu wa utafiti wa kahawa kule Lyamungo, badala ya kubahatisha.

Lakini nanyi naomba mnisaidie. Mkinikuta njiani nina haraka, msikubali jibu la sentensi moja. Niulizeni: sabuni ipi? Kiasi gani? Saa ngapi? Nirudie baada ya siku ngapi? Nisipoweza kujibu hayo manne, sijawashauri.

Wale akina mama wameotesha miche upya. Kwenye nguzo ya kitalu chao wamepigilia ubao, na juu yake wameandika kwa mkaa: kijiko kimoja cha chai, lita moja, jioni, majani mawili kwanza. Wiki iliyopita nilipita pale. Vidugamba walikuwa wachache, na miche ilikuwa na jozi tatu za majani mazima. Nilitaka kuwasaidia kunyunyiza, wakaniambia nikae kwanza wanione ninavyopima.

Nikapima mbele yao.